Mdogo wangu ameteguka kifundo cha mguu kwa mara ya pili: akandwe au asikandwe?

Kaka wa Majengo
Ndugu zangu, nawasalimu. Mdogo wangu anaishi kwa kusukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, na Jumapili anacheza winga kwenye uwanja wetu hapa Goma, ambao nusu yake ni udongo na nusu ni mawe ya volkano. Juzi aliruka, akatua juu ya jiwe, unyayo ukageukia ndani. Kufikia jioni kifundo cha kulia kilikuwa kimevimba upande wa nje hata kiatu hakikuingia. Mwaka jana aliteguka mguu huohuo. Majirani wanasisitiza apelekwe kwa mkandaji amkande kwa maji moto ili damu mbaya itoke, nami nasita, kwa sababu mwaka jana alikandwa huku akilia na uvimbe ukazidi. Tufanye nini, na lini ataweza kurudi kazini? Mguu huo ndio anaousukumia.

Kinezi wa Himbi
Pole kwa mdogo wako. Mimi ni kinezi, yaani mtaalamu wa kutibu viungo kwa mazoezi. Kwanza hakikisheni kwamba hakuna mfupa uliovunjika. Mbonyeze taratibu kwa kidole kwenye ukingo wa nyuma wa nundu zote mbili za kifundo, ya nje na ya ndani, kuanzia nchani kupanda juu kama sentimita 6; kisha ubonyeze mfupa unaojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, na ule ulio juu ya upinde wa ndani. Akiumia juu ya mfupa wenyewe, au ikiwa hakuweza kupiga hatua 4 alipoumia na hata sasa hawezi, apigwe picha ya eksirei. Madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, ndio waliotunga kanuni hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, na inatufaa sana sisi ambao picha moja inaweza kumaliza pesa ya chakula cha nyumba. Mguu ukiwa umepinda, au vidole vikiwa na ganzi au baridi, msipime chochote. Nendeni hospitali mara moja.

Unyayo ukigeukia ndani, kano zinazoshika kifundo upande wa nje huvutwa kupita kiasi, na ile ya mbele ndiyo huchanika kwanza. Uvimbe huo ni damu na majimaji yanayovuja kutoka kwenye mishipa midogo iliyopasuka. Maji moto na vidole vyenye nguvu katika siku 2 au 3 za kwanza huipanua mishipa hiyo na kuzidisha uvujaji, kwa hiyo ulisita kwa haki. Mfungeni bendeji ya kuvutika isiyobana mno, alale mguu ukiwa juu ya mito, na mumwekee kitambaa chenye barafu au maji baridi kwa dakika 15, mara kadhaa kwa siku.

Mama wa Katindo
Mkandaji wetu mzee hagusi mguu uliovimba. Husubiri ushuke, ndipo apapase kwa mafuta. Msiwatupe wote katika kapu moja. Ila nauliza: si bora kijana apumzike mwezi mzima asiukanyage kabisa?

Kinezi wa Himbi
Mama, mzee huyo anafanya vizuri. Lakini mwezi mzima bila kukanyaga humkaza kiungo na kumlegeza misuli. Ikiwa hakuna mfupa uliovunjika, baada ya siku 2 au 3 aanze kutembea kadiri maumivu yanavyoruhusu, hata kwa mkongojo.

Kocha wa Ndosho
Naomba niongeze jambo ambalo vijana wangu hulipuuza kila msimu. Kano hazishiki mifupa tu. Zina mishipa ya fahamu inayoujulisha ubongo jinsi unyayo ulivyokaa. Zikichanika, taarifa hiyo hufika kwa kuchelewa, na mchezaji ambaye hasikii tena maumivu anarudi uwanjani na mguu usiotambua jiwe mpaka umeshageuka. Nadhani ndicho kilichompata mdogo wako, zaidi ya bahati mbaya. Akishaweza kusimama bila maumivu makali, kila siku asimame kwa mguu ulioumia karibu na ukuta kwa sekunde 30, arudie, kisha afanye hivyo akiwa amefumba macho. Achukue pia kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, akifunge kwenye mguu wa meza, akitie unyayoni na kuuvuta unyayo kuelekea nje.

Kaka wa Majengo
Asanteni sana. Nimembonyeza, kwenye mfupa hasikii kitu, ila mbele ya nundu ya nje ndipo panapouma, na anachechemea hadi mlangoni. Bado nauliza kuhusu chukudu.

Kinezi wa Himbi
Hiyo ni dalili njema. Kwa sasa asisukume. Akiweza kunyanyua kisigino cha mguu huo peke yake mara 20 bila maumivu, aanze na mizigo myepesi kwenye lami, kwa kuwa msukumo wa chukudu ni kunyanyua kisigino kulekule mara nyingi kwa siku. Barabara za mawe zisubiri. Mpira usubiri zaidi: kwanza aruke kwa mguu mmoja, akimbie na kukata kona kwa kasi bila kuuhurumia mguu, na akirudi avae kishikizo cha kifundo kwa miezi kadhaa. Uvimbe usiposhuka baada ya wiki mbili, mlete aonekane tena.