Mvinyo gani mwekundu wa bei nafuu unafaa kwa panchi ya matunda?

Bi Zabibu: Wakuu, naomba ushauri. Napenda Cabernet Sauvignon, ile nzito inayokausha ulimi. Nikiinywa na nyama sina swali. Lakini nikiitia machungwa, tufaha na barafu inageuka chungu, na hata nikiongeza sukari haikubali. Jumamosi nina wageni na sitaki kununua chupa za bei mbaya nikazikatie matunda. Nichukue aina gani?

Jagi Baridi: Dada, hapo shida si bei, ni tanini. Ndiyo inayokukausha ulimi. Inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na nyingine kwenye pipa la mti wa mwaloni. Mvinyo ukipoa sana, ukali wa tanini hujitokeza na harufu ya matunda hujificha. Ndiyo maana mvinyo mzito hunywewa kwenye nyuzi 16 hadi 18 hivi, wakati panchi watu wanaitaka baridi kabisa. Sukari inapunguza uchachu tu, ule ukavu unabaki palepale.

Tafuta Garnacha ya Hispania, ambayo Wafaransa huiita Grenache, au Tempranillo yenye neno "joven" kwenye lebo, yaani changa, isiyokaa kwenye pipa au iliyokaa kidogo tu. Zenye neno Crianza au Reserva, yaani zilizolazwa kwenye pipa muda mrefu, zinywe zenyewe. Mimi hizi changa nazipenda kweli. Pipa jipya la mwaloni ni ghali, na kulaza mvinyo ghalani miaka kadhaa ni gharama nyingine. Hapa hulipii vyote hivyo, unalipia tunda lenyewe.

Chupa moja ya mililita 750 inatosha chungwa moja, tufaha moja na kijiti cha mdalasini. Ukitia limau, menya mpaka ile nyama nyeupe ya chini ya ganda iishe, maana nayo ni chungu. Weka kwenye friji kwa muda wa saa tatu au nne. Barafu na maji ya gesi vije mwisho, wageni wakiwa na glasi mkononi.

Kivulini: Ukiwa na haraka, Wahispania wana tinto de verano: nusu mvinyo mwekundu, nusu soda ya limau, barafu, basi. Haihitaji kulowekwa.

Bi Zabibu: Asanteni sana. Nina Pinotage kabatini, itafaa?

Jagi Baridi: Inategemea. Pinotage ilizalishwa Afrika Kusini mwaka 1925 kwa kuchavusha aina mbili za zabibu, Pinot Noir na Cinsaut, na watengenezaji wake wanatofautiana sana. Ipo nyepesi yenye ladha ya matunda, ipo inayonukia kahawa kwa sababu ya mwaloni. Hiyo ya kahawa usiichanganye na chungwa. Iweke kwenye friji leo, kisha onja glasi moja ikiwa baridi, bila kitu. Kama haikukaushi mdomo, kata matunda.