Mrejesho: kabati la mninga na friji vimefika Njiro

Habari wakuu. Niliuliza jinsi ya kuhamisha kabati la mninga na friji kutoka Sakina kwenda Njiro, hapa Arusha, bila kuumiza mtu. Asanteni sana! Blanketi chini ya miguu ya kabati limefanya kazi kweli: tulitoa droo na milango kwanza, vijana wawili wakasukuma kutoka chini, likateleza kwenye vigae bila mkwaruzo hata mmoja. Friji ilisafiri wima kwenye kirikuu (kigari kidogo cha mizigo), tukaiacha saa kadhaa mafuta ya kompresa yatulie, ndipo tukawasha. Inagandisha vizuri.

Kioo kikubwa hakikupona. Tulikilaza juu ya godoro kama wengine mlivyoshauri, kikapasuka kwenye matuta. Fundi vioo anasema kisafiri kimesimama, kimebanwa pande zote. Aliyeshauri mlango wa friji ufungwe kamba, ubarikiwe sana.