iPad au Samsung kwa mfumo wa stoki unaofunguka kwenye kivinjari?

karani_wa_vipuri: Habari zenu wakuu. Nina duka la vipuri Kirinyaga Road, Nairobi. Stoki yote iko kwenye mfumo wa kivinjari. Kwenye kompyuta unaenda vizuri. Sasa nataka kijana azunguke nao kwenye rafu kwa tableti. iPad au Samsung? Nanunua Jumamosi.

fundi_luthuli: Bajeti? Ram? Mfumo wenyewe ukoje? Waifai ipo ama ni bando? Hujasema lolote, unataka tupige ramli?

karani_wa_vipuri: Pole. Elfu 45 hivi, waifai ipo. Mfumo una jedwali refu, menyu za pembeni, na unaburuta bidhaa kutoka rafu moja hadi nyingine.

tufaha254: iPad, bila mjadala. Tangu iPadOS 13 ya 2019, Safari, kivinjari chake, huomba tovuti ya kompyuta, si ile ya simu.

kibodi_kwanza: Kuletewa ukurasa wa kompyuta ni jambo moja, kuutumia ni lingine. Menyu inayofunguka ukiweka mshale juu yake bila kubofya, kidole kitaifunguaje? Na ukiburuta kwa kidole, mara nyingi ni ukurasa wenyewe unaosogea. Tafuta Galaxy Tab S yenye DeX, ile hali ya Samsung inayofanya tableti ifanane na kompyuta, hata iliyotumika, uiwashe na uunganishe kipanya.

tufaha254: iPad nayo inakubali kipanya tangu 13.4, mwaka 2020.

fundi_luthuli: Kipanya, kibodi... si anunue laptopu tu?

mama_nafaka: Wacha niwaambie yangu. Nilinunua tableti ya ram giga 2 kwa sababu ilikuwa rahisi. Siku moja nimejaza oda ya mteja wa Thika, mistari kama sitini, pikapu iko nje dereva anapiga honi. WhatsApp ikaingia, nikaifungua kidogo tu. Kurudi, ukurasa unajipakia upya, oda tupu! Nikaanza tena, simu ikaita, ikafutika tena. Mara ya tatu niliandika kwa kalamu nyuma ya katoni. Mwanangu ndiye alinieleza kwamba ram, yaani kumbukumbu ya kazi, ikijaa, kifaa huutupa ukurasa uliouacha nyuma. Ndugu yangu, angalia ram kwanza, jina baadaye.

kibodi_kwanza: Na kwenye iPad, Safari ikikushinda, Chrome haitakuokoa. Ndani yake ni WebKit ile ile, injini ya Apple inayoendesha Safari.

mswahili_wa_pumwani: Neno ni kishikwambi, jamani.

fundi_luthuli: Nenda maduka ya elektroniki ya Luthuli uombe kishikwambi uone watakavyokutazama.

mswahili_wa_pumwani: Watanzania walifanya sensa ya 2022 kwa vishikwambi na hakuna aliyeshangaa.

mama_nafaka: Rudini kwa vipuri. Karani, nenda dukani, fungua mfumo wako kwenye kile cha maonyesho, uburute bidhaa tano kabla ya kutoa pesa.

fundi_luthuli: Na ukumbuke kutoka kwenye akaunti. Halafu rafu za Kirinyaga hufika dari. Kijana akiwa juu ya ngazi, ataishika na mkono gani?

karani_wa_vipuri: Hilo sikuliwaza.