Vijiji vya Samoa: wanakaaje ufuoni kwenye nyumba zisizo kuta?

Mwana wa Likoni:
Assalam aleikum ndugu zangu. Nimeona picha za kijiji cha kusini mwa kisiwa cha Upolu, Samoa, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki. Nyumba ni nguzo na paa tu, na bahari iko hapo mbele. Mvua ya upepo ikija wajificha wapi? Na ile tsunami ya 2009 iliwafanyaje? Kuna aliyefika huko?

Baharia Mstaafu:
Waaleikum salaam. Nimefika. Meli yetu ilitia nanga Apia, mji mkuu wao, mfanyakazi mmoja wa bandarini akanichukua hadi kwao Saleapaga, kijiji cha pwani hiyo ya kusini. Nyumba hizo ni fale. Vizuizi vipo, vimekunjwa juu chini ya paa: mikeka ya majani ya mnazi. Mvua ikianza kupiga, wateremsha upande wa upepo pekee. Jioni lapulizwa baragumu, kila familia yaketi kusali, na ukizurura saa hiyo wazee wa kijiji, matai, wakutoza faini.

Tsunami iliwapiga asubuhi ya 29 Septemba, dakika chache baada ya tetemeko. Samoa peke yake walikufa watu zaidi ya 140. Nilipofika, ufuoni palikuwa na misingi mitupu ya saruji, nyasi zimeota katikati. Watu walikuwa wamehamia mlimani, na hakuna aliyewauzia huko juu. Ardhi ya ukoo yaanzia pwani, yapita barabara, yapanda hadi kwenye majimbi, ndizi na mashelisheli. Walijenga katika mashamba yao wenyewe. Mvuvi wa kwetu akibomokewa na bahari apande wapi? Hata njia ya kushukia ufuoni imezibwa ukuta wa ploti. Jambo hili laniuma sana.

Mama Kisauni:
Na chakula, ami?

Baharia Mstaafu:
Mama, utakipenda. Majani machanga ya majimbi yatiwa tui zito, yafungwa, yaokwa juu ya mawe ya moto. Na kati ya Oktoba na Novemba, siku chache baada ya mwezi mpevu, minyoo ya baharini iitwayo palolo yapanda juu ya maji usiku. Kijiji kizima chaingia baharini na vyandarua.

Mwana wa Likoni:
Ahsante, ami. Je, tajiri hawezi kuwanunua wakaondoka?

Baharia Mstaafu:
Katiba yao yakataza kuuza ardhi ya ukoo, nayo ni kama asilimia 80 ya nchi. Kukodisha kwaruhusiwa. Kwa hiyo Lalomanu, kijiji cha jirani, wenyeji wamejenga fale ndogo ufuoni, watalii wakalala humo, na kodi yaingia kwa familia yenyewe.