Kutoa akiba ya uzeeni kulipia ada ya shahada ya uzamili hapa Marekani

Muuguzi wa Arlington

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kutoka kwa wale mliosomea uhasibu au mliokwisha kupita njia hii. Mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka 43, ninaishi Texas na mume wangu na watoto wetu wawili, na ni muuguzi mwenye leseni katika hospitali isiyo ya kibiashara. Nimekubaliwa kuanza shahada ya uzamili mwezi Agosti 2026 ili niwe muuguzi anayeruhusiwa kuchunguza wagonjwa na kuwaandikia dawa, yaani NP. Masomo yatakwenda hadi Desemba 2028, na ada yote ni kama dola 42,000.

Hali yetu ya fedha ni hii. Nina dola 46,000 katika 401(k), yaani mfuko wa akiba ya uzeeni wa kazini, ya mwajiri niliyemwacha zamani, ambazo sijawahi kuzigusa. Nina pia Roth IRA, yaani akaunti binafsi ya uzeeni ambayo mtu huiwekea fedha zilizokwisha kutozwa kodi, yenye dola 14,000, na kati ya hizo 11,000 ni michango yangu mwenyewe. Kwa mwajiri wa sasa ndiyo kwanza nimeanza kuchangia 403(b), mfuko kama huo wa waajiri wasio wa kibiashara. Mimi na mume wangu kwa pamoja tunaingiza kama dola 150,000 kwa mwaka, ila kuanzia 2027 nitalazimika kupunguza saa za kazi karibu nusu kwa ajili ya mafunzo ya vitendo, kwa hiyo tutashuka hadi kama 104,000.

Mume wangu anasema fedha ni zetu, tuzitoe tulipe ada kuliko kuingia kwenye deni, kwa kuwa uzeeni tutarudi Kibaha ambako nyumba tumeshajenga. Mimi nasita. Nimesikia kwamba anayetoa akiba kabla ya miaka 59 na nusu hutozwa adhabu ya asilimia 10 juu ya kodi, na nimesikia vilevile kwamba masomo yanasamehewa adhabu hiyo. Ukweli ni upi? Na hata kama msamaha upo, je, ni busara kufanya hivyo?

Mhasibu wa Columbus

Hongera sana dada kwa kukubaliwa. Yote mawili uliyosikia ni kweli, kwa sababu msamaha haufuati matumizi peke yake. Unafuata pia aina ya akaunti fedha zilimo. Tangu mabadiliko ya sheria ya kodi ya mwaka 1997, fedha zinazotolewa katika IRA, yaani akaunti binafsi ya uzeeni, kulipia elimu ya juu, iwe yako, ya mwenzi wako, ya mtoto au ya mjukuu, hazitozwi ile asilimia 10. Kodi ya mapato inabaki palepale. Msamaha huo hauigusi 401(k) wala 403(b). Mifuko mingi ya kazini huruhusu mtu kutoa fedha kwa sababu ya dhiki, na ada ya chuo ya miezi 12 ijayo inahesabiwa kuwa dhiki, lakini ruhusa ya kutoa si msamaha wa adhabu, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia: wanajaziwa fomu na ofisi ya rasilimali watu, wanaona neno "masomo", wanadhani wamesalimika.

Bahati yako ni kwamba 401(k) hiyo ni ya mwajiri uliyekwisha kuachana naye. Unaweza kuihamishia katika IRA ya kawaida bila kodi wala adhabu, kisha ukatoa humo kwa ajili ya ada. Ni dola zilezile, ila zimebadilisha nyumba.

Tuseme unahitaji kutoa dola 20,000. Ukizitoa mwaka huu moja kwa moja kutoka 401(k), msimamizi wa mfuko atakata kwanza asilimia 20, yaani dola 4,000, na kuzipeleka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, nawe utapokea 16,000. Wakati wa kujaza ritani ya kodi ya mwaka utakuta kwamba kodi halisi katika daraja lenu la asilimia 22 ni dola 4,400, adhabu ni 2,000, na kwa hiyo mnadaiwa nyingine 2,400. Mkononi mwako kutakuwa kumebaki 13,600. Sasa chukua njia ya pili: umehamisha kwenda IRA, ukasubiri 2027 utakapokuwa unafanya kazi nusu, ukatoa 10,000 mwaka huo na 10,000 mwaka 2028. Kwa viwango vya mwaka 2025, wanandoa wanaojaza ritani pamoja wana makato ya kawaida, yaani kiasi cha kipato kisichotozwa kodi, ya dola 31,500, hivyo 104,000 yenu inashuka hadi 72,500, na daraja la asilimia 12 linaishia 96,950. Kila kumi yako inaingia humo bila kugusa daraja la juu. Kodi ni 2,400 kwa jumla, adhabu hakuna, na Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Unabaki na 17,600, yaani dola 4,000 zaidi kwa kuchagua mlango na mwaka tu.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapo. Kiasi kinachosamehewa hakiwezi kuzidi gharama halali za mwaka uleule, yaani ada, vitabu na vifaa vinavyotakiwa, baada ya kuondoa ufadhili na msaada wowote wa mwajiri usiotozwa kodi. Na mwaka ni wa kalenda: ukilipa ada ya muhula wa Januari mwezi Desemba, kisha ukatoa fedha Januari, umevuka mwaka na umejitafutia maswali.

Ile Roth ni nyepesi zaidi. Michango yako ya 11,000 unaweza kuitoa wakati wowote, kwa sababu yoyote, bila kodi wala adhabu, kwa kuwa ilikwisha kutozwa kodi kabla ya kuingia, na sheria inahesabu kwamba michango ndiyo inayotoka kwanza. Faida ya 3,000 iache mahali ilipo.

Baba Tumaini, Minnesota

Mhasibu ameeleza vizuri njia ya kutoa fedha, nami sina la kusahihisha katika hesabu zake. Ninachotaka kusema ni kwamba swali la pili la dada lilikuwa la busara, na halijajibiwa.

Dola 20,000 zikiachwa zikue kwa wastani wa asilimia 6 kwa mwaka, kuanzia miaka 43 hadi 67, zinafika kama 81,000. Ni kweli kwamba mfumuko wa bei utakuwa umekula sehemu, na soko halimwahidi mtu chochote. Hata hivyo, anayetoa 20,000 leo anatoa pia yote ambayo zingezaa, na hawezi kuzirudisha baadaye kwa mkupuo kwa sababu michango ya IRA ina kikomo cha mwaka, ambacho kwa 2026 ni dola 7,500 kwa aliye chini ya miaka 50.

Sisi tuliohamia tukiwa watu wazima tuna sababu ya pekee ya kuwa waangalifu. Mafao ya Social Security, yaani pensheni ya serikali ya Marekani, yanakokotolewa kwa kuchukua miaka 35 ya kipato kikubwa zaidi, na miaka isiyotimia inawekewa sifuri. Aliyezaliwa hapa huanza kuhesabiwa tangu ajira ya kwanza ya ujana, lakini aliyefika akiwa na miaka 40 na kustaafu akiwa na 67 atabeba sifuri nane. Akiba binafsi ndiyo inayoziba pengo hilo.

Kuhusu Kibaha, namheshimu shemeji na ninamwelewa, kwa kuwa wengi wetu tulikulia katika mazoea ya fao la kujitoa, ambalo lilizua mjadala mkubwa sana kule nyumbani: mtu akiacha kazi, anachukua chake, anajenga au anasomesha. Lakini nyumba inaondoa kodi ya pango tu. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hailipii matibabu nje ya Marekani isipokuwa katika hali chache mno, kwa hiyo mzee anayerudi nyumbani anahitaji fedha taslimu za hospitali kila mwaka, wala hawezi kung'oa bati moja kila anapougua.

Usishawishike pia na mkopo wa kutoka 401(k) au 403(b). Sheria inaruhusu kukopa hadi nusu ya fedha zilizo zako kikamilifu, usizidi dola 50,000, na kurejesha ndani ya miaka 5, na riba inarudi katika akaunti yako mwenyewe. Inasikika vizuri. Tatizo ni kwamba ukiacha kazi, kwa kawaida salio lote linadaiwa, na una muda hadi tarehe ya kuwasilisha ritani ya mwaka huo, pamoja na nyongeza ukiomba, kuliweka katika IRA. Usipofanya hivyo linahesabiwa kuwa umelitoa, na kodi na adhabu vinafuata. Wewe unasoma ili ubadilishe kazi. Mkopo wa namna hiyo utakunasa mwezi uleule utakaopata leseni ya NP.

Shangazi wa Lowell

Baba Tumaini, nakubaliana nawe kuhusu mkopo wa mfuko, lakini katika kulinda akiba umemwacha dada bila njia ya kulipa ada. Mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa uzamili katika mwaka wa masomo wa 2025/26 ulikuwa na riba ya asilimia 7.94, na kabla hata hujaupokea unakatwa ada ya zaidi ya asilimia moja. Asilimia 6 ya soko ni matumaini, ilhali 7.94 ya deni ni uhakika. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba siku zote ni afadhali kukopa kuliko kugusa akiba.

Isitoshe, mikopo yenyewe imebadilika. Kwa sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025, kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopo wa ziada wa serikali kwa wanafunzi wa uzamili, uitwao Grad PLUS, haupatikani tena kwa wakopaji wapya, kikomo cha uzamili wa kawaida ni dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla, na anayesoma kwa muda usio kamili anapunguziwa kikomo hicho kwa uwiano wa masomo anayochukua. Dada anaanza Agosti 2026, kwa hiyo sheria mpya inamhusu moja kwa moja.

Mimi ningeanza na fedha ambazo si zako wala si za deni. Mwajiri anaruhusiwa kumlipia mfanyakazi hadi dola 5,250 za masomo kwa mwaka bila kodi, na hospitali nyingi zina mpango huo. Masomo yako yanagusa miaka mitatu ya kalenda, 2026, 2027 na 2028, kwa hiyo ni dola 15,750. Ada iliyobaki ni 26,250. Kwa ada hiyo iliyobaki unaweza kudai nafuu ya kodi iitwayo Lifetime Learning Credit, ambayo ni asilimia 20 ya gharama zisizozidi 10,000 kwa mwaka, na kipato chenu kiko chini ya 160,000 ambapo nafuu hiyo huanza kupunguzwa kwa wanandoa. Ukilipa ada kwa fedha ulizotoa IRA bado unaruhusiwa kuidai. Kwa miaka mitatu inaweza kukurudishia zaidi ya dola 4,000.

Ukiondoa nafuu hiyo kwenye ile 26,250, na ukalipia pia kwa ile 11,000 ya Roth, pengo halisi linakuwa kama dola 11,000 tu, pengine pungufu, kama mtaweza kuweka pembeni kidogo kabla ya Agosti. Kiasi hicho kitoke IRA katika miaka ya kipato cha chini kama alivyoeleza Mhasibu, au kikopwe, na sioni kama kuna kosa kubwa upande wowote. Takwimu za Wizara ya Kazi za mwaka 2024 zinaonyesha mshahara wa kati wa muuguzi mwenye leseni ni kama dola 93,000, na wa NP unazidi 120,000. Mtu anayetarajia ongezeko hilo akiwa na miaka 46, na akaamua kwa dhati kurudisha sehemu yake katika akiba, hajaharibu uzee wake kwa sababu ya dola elfu kumi na moja.

Nina swali moja: watoto wako wana umri gani?

Muuguzi wa Arlington

Asanteni sana, na shikamoo Shangazi. Nimeuliza kazini, na kweli wanalipa 5,250 kwa mwaka kwa sharti la kubaki nao miaka miwili baada ya kuhitimu, jambo ambalo halinisumbui. Mtoto wa kwanza ataingia chuo Agosti 2028. Je, hilo linabadilisha chochote? Na je, nihamishe ile 401(k) sasa hivi au nisubiri hadi 2027?

Shangazi wa Lowell

Marahaba. Linabadilisha kidogo. FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa masomo ya chuo, haihesabu salio la akaunti za uzeeni, lakini inahesabu fedha zilizotolewa kuwa kipato, hata zile za Roth zisizotozwa kodi, na inatazama ritani ya miaka miwili nyuma. Maombi ya mtoto ya 2028/29 yatatazama mwaka 2026, na ya 2029/30 yatatazama 2027. Kwa hiyo mwaka 2026, ambapo bado mtakuwa na mishahara miwili kamili, ni mwaka mbaya wa kutoa kitu chochote, kwa kodi na kwa FAFSA pia. Mwaka 2027 mshahara wako utakuwa umeshuka kwa dola 46,000, hivyo hata ukiongeza 10,000 mtaonekana mmepungukiwa kuliko mwaka uliotangulia.

Mhasibu wa Columbus

Kuhamisha usisubiri, kwa sababu kuhamisha si kutoa. Fungua IRA ya kawaida, tofauti na Roth yako, na uwaambie wasimamizi wa 401(k) wapeleke fedha moja kwa moja kwa taasisi mpya. Wakituma hundi nyumbani kwako, hakikisha imeandikwa kwa jina la taasisi hiyo kwa manufaa yako. Ikiandikwa kwa jina lako peke yako, watakuwa wamekata ile asilimia 20, nawe utakuwa na siku 60 za kuweka kiasi chote, pamoja na kile kilichokatwa ambacho itabidi ukitafute kwingine.

Mwaka utakaotoa fedha za ada, utapokea fomu 1099-R ambayo huenda ikaonyesha namba 1, yaani fedha zimetolewa mapema bila msamaha unaojulikana kwa msimamizi. Usishtuke, kwa kuwa yeye hajui ulizitumia wapi. Unajaza fomu 5329, unaandika msamaha namba 08, na kwa zile za Roth unajaza pia fomu 8606. Risiti za ada na vitabu, pamoja na barua ya mwajiri inayoonyesha alilipa kiasi gani, zihifadhi katika faili moja na ritani ya mwaka huo.