Picha za majonzi ya wanawake bila kuonyesha sura: mnafanyaje?

FundiPicha_Tabata:

Habari za jioni wadau. Mimi ni mpiga picha, riziki yangu ni harusi na sendofu. Ila nina kazi ya pembeni ambayo hainirudishii hata nauli, na ndiyo inayoninyima usingizi.

Kuna mama nilimpiga picha siku ya sendofu yake, anacheka mpaka kilemba kinamlegea. Baadaye akajifungua mtoto ambaye hakuwa hai. Akanitafuta mwenyewe. Hataki sura yake, anataka nipige pale alipokuwa akienda kukaa kila akitoka kliniki: Kunduchi, upande wa mikoko. Tukaenda maji yamekupwa. Akavua kandambili akaingia kwenye tope, katikati ya michu, aina ya mikoko. Ule mti unatoa vimizizi vya kupumulia, vimechomoza juu kama penseli, mamia kwa mamia, kwa hiyo kila hatua inabidi atafute pa kuweka kisigino. Hakusema kitu. Nilipiga miguu tu.

Habari zikasambaa. Sasa yupo mjane, yupo dada aliyetoka kwa mume aliyekuwa akimpiga, yupo mama ambaye nyumba yake bonde la Msimbazi iliondoka na mafuriko. Wote hawataki sura.

Shida yangu ni hii: nikipiga bahari, watu wanaona hoteli, hawaoni msiba. Msimamizi mmoja wa maonyesho alizipitia akaniambia hazina huzuni, "tafuta hata mmoja alie." Nikamuaga kwa adabu. Nyinyi mnafanyaje?

MwanaWaKunduchi:

Dada, pole na hongera. Mimi picha sijui, maji nayajua, baba alikuwa mvuvi.

Bahari inayoonekana ya hoteli ni ile iliyojaa. Wewe unataka iliyokupwa. Sasa shida ya huku kwetu ni kwamba siku za bamvua zenyewe, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanakupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Saa nne jua limeshakuwa kali, tope linameta, hupati kitu. Nenda siku tatu nne kabla. Hapo kupwa inaangukia kati ya saa moja na saa mbili, jua bado liko chini na vile vimizizi vinatupa vivuli virefu. Maji ya siku hizo hayatoki mbali kama ya bamvua yenyewe, ila kwa mikoko yanatosha. Maji mafu, siku za nusu mwezi, usijisumbue, asubuhi utakuta bahari imekuja mpaka kwenye miti.

Na usiende peke yako na kamera. Beba maji ya kunawa miguu pia, lile tope halina adabu.

MwalimuWaSanaa:

Mtafute msanii Ana Mendieta. Mzaliwa wa Havana, Cuba, alipelekwa Marekani mwaka 1961 akiwa na miaka 12, bila wazazi. Mwaka 1973 mwanafunzi mwenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa alibakwa na kuuawa, naye akafanya kazi kali sana juu ya hilo kwa kutumia mwili wake mwenyewe. Mwaka huohuo akaanza kuacha umbo la mwili wake ardhini, kwenye udongo, nyasi, mchanga, huko Iowa na Mexico, na anachobaki nacho ni picha. Mwaka 1976, ufukweni Mexico, alichimba umbo mchangani, akalijaza rangi nyekundu, akapiga picha moja baada ya nyingine mawimbi yakilila. Hakuna anayelia pale. Mwonyeshe huyo msimamizi wako.

Pili, umewahi kufikiria kuwapa kamera wenyewe? Wanawake wa vijijini Yunnan, China, walipewa kamera miaka ya 1990 wapige maisha yao, na njia hiyo imeenea dunia nzima. Wewe ubaki mwalimu tu.

MamaMpapai:

Samahani mwalimu, kwa heshima zote. Mimi ni mjane, na kamera ningekurudishia. Nilichotaka ni mtu mwingine aone, siyo nipewe kazi.

Na jamani, siyo wote ni wa baharini. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, Ilala. Mandhari yangu ilikuwa dirisha: ukuta wa jirani na mpapai alioupanda marehemu. Ukazaa. Hakuna aliyechuma, watu waliona haya kuugusa. Mapapai yakaivia mtini, kunguru wakayatoboa moja baada ya jingine, yanadondoka, na mimi naangalia. Ukinipeleka Coco Beach unipige nikitazama upeo, utakuwa umempiga mtu mwingine. Muulize kila mmoja pake ni wapi na ilikuwa saa ngapi.

Halafu picha za huyo dada wa mume mpigaji: kama unatumia simu, zima ile ya kuonyesha mahali (location). Faili la picha linabeba ramani ya ulipopigia ndani yake, na huyo mume naye ana simu.

FundiPicha_Tabata:

Asanteni sana. Mama Mpapai, hilo la ramani nimelikagua usiku huuhuu. Nimekuandikia faragha, ukipenda nije nilione dirisha, bila kamera kwanza.

Mwalimu, Mendieta nimemtazama mpaka bando likaisha. Kamera nitaitoa kwa anayeitaka. Mama wa Msimbazi ameitaka, tena kwa ukali, anasema mimi sijui mlango wake ulikuwa upande gani.

MwanaWaKunduchi, mama wa kwanza yuko tayari kurudi ila anataka aje na dada yake. Nitakutafuta tupange siku.

Swali la mwisho: nani anajua Kariakoo wanapochapa picha kubwa kwenye karatasi isiyong'aa? Nilizochapisha zinang'aa, ukisimama mbele unajiona mwenyewe badala ya picha.