Dola 1,100 kwa kamera na konje (likizo) ya familia: nigawe vipi? (Lubumbashi)

MwalimuKatuba

Jambo yenu wote. Ninafundisha sekondari hapa Lubumbashi, naishi Katuba. Likelemba (mchango wa zamu) ya walimu imenifikia, na nikiunganisha na akiba ya mama wa nyumba tunafika dola 1,100. Tumepatana zifanye mambo mawili: kamera yangu, na konje ya familia mwezi wa nane. Tuko wanne: mimi, mama, binti wa miaka 12 na kijana wa miaka 8.

Ndege ndio ninaowapenda. Kwenye mwembe wa shule wanajaa kila asubuhi kabla kengele haijalia, ila simu inawatoa vinukta tu, huwezi kujua ni chiriku au ni jani.

Duka moja mjini linaniuzia paketi mpya kwa dola 620: Canon EOS 4000D, lensi mbili (18-55 na 75-300, namba kubwa ndiyo inayovuta mbali zaidi), mguu wa kamera, mfuko, vichujio vitatu, flashi ndogo, kadi ya GB 128 na kitambaa cha kufutia. Binamu wa mwalimu mwenzangu naye anauza Nikon D3500 aliyoitumia, lensi 18-55 na 70-300, anataka 380.

Konje tunaiota Mosi-oa-Tunya, maporomoko ya Victoria, kule Livingstone, Zambia. Watoto wamekwisha kuwatangazia jirani wote. Swali langu: nichukue ipi? Na je, mwezi wa nane maji yako? Nisije nikawapeleka watoto kutazama mawe.

Lensi_Kampemba

Mwalimu, hiyo paketi ihesabu kitu kimoja kimoja uone unalipia nini. Mguu wa plastiki utasimama mezani, lakini ukiupandishia kamera yenye lensi ndefu unatikisika kwa upepo mdogo tu. Vichujio ni vioo vya bei rahisi vinavyoharibu picha badala ya kuitengeneza. Mfuko sawa, mfuko ni mfuko. Vyote hivyo vimewekwa ili jicho lako lihesabu vitu kumi na moja na lisitazame kamera.

Sasa tazama kamera. 4000D ilitoka 2018 pamoja na 2000D, nayo ndiyo ya chini kabisa. Pale lensi inapofungwa, pete ya 4000D ni ya plastiki. Ya 2000D ni ya chuma. Megapikseli 18 dhidi ya 24. Megapikseli zisikutie usingizi, 18 zinatosha. Tatizo kubwa liko kwenye lensi. Shika ile 18-55 usome maandishi yanayozunguka kioo cha mbele. Ukiona "III" bila herufi IS, haina kituliza mtikisiko. Ile 75-300 nayo haina, na kwa mikono mitupu kwenye 300 utapata ndege wenye ukungu hata jua likiwaka. Canon wana lensi nyingine, 55-250 IS STM. Namba yake ya mwisho ni ndogo lakini ndege anatoka na manyoya yake. Muuzaji hakuwekei hiyo kwa sababu 300 inasomeka kubwa kuliko 250.

Nikon ya binamu: kasome lensi yake ya 70-300 kwanza, kabla ya kusema lolote juu ya bei. Kuna 70-300 mbili za AF-P zinazofanana kabisa kwa sura, moja ina VR (kituliza mtikisiko cha Nikon) na nyingine haina. Ikiwa na VR, 380 ni pa kuanzia mazungumzo. Bila VR, usipite 300.

Dereva_Kasumbalesa

Juu ya maji: yanajaa sana mwezi wa nne hivi, na mwezi wa kumi na wa kumi na moja upande wa Zambia unakuta mwamba mtupu sehemu kubwa. Mwezi wa nane uko katikati, maji yanashuka lakini yako. Kwa mtu wa kamera ni afadhali hivyo. Ukienda mwezi wa nne ule moshi wa maji unafunika kila kitu, unarudi na nguo zilizolowa na foto nyeupe. Maporomoko yenyewe ni mapana, mita 1,708, na yanashuka mita 108 hivi. Kwa hiyo pale lensi ndefu inakaa kwenye mfuko. 18-55 yako, hata simu, inatosha.

Njia: Lubumbashi mpaka Livingstone hesabu kilomita kama 1,000. Kasumbalesa, Chingola, Ndola, Lusaka, halafu kushuka kusini. Na watoto usijidanganye kuifanya kwa siku moja, lala Lusaka. Kasumbalesa, pale mpakani, fika mapema, mlolongo wa malori usikutishe, wenye miguu wanapita kando. Usibadilishe pesa nyingi pale kwa vijana wa barabarani, badilisha ya chakula na basi tu. Ukipewa noti ya kwacha yenye masifuri mengi, rudisha: 2013 Zambia iliondoa masifuri matatu, zile za zamani ni karatasi.

Kadi ya manjano kila mtu awe nayo, na watoto pia. Sindano ya homa ya manjano tangu 2016 inahesabika ya maisha, kwa hiyo mtu asikwambie imeisha.

Mama_Kamalondo

Papa mwalimu, batoto beko na pasipoti? Mama je? Minauliza tu, juu minaona bote munazungumuza lensi.

MwalimuKatuba

Mama, umegusa penyewe. Mimi ninayo. Ya mama wa nyumba imekwisha muda. Watoto hawana. Nilifikiri kuna karatasi ya mpakani ya siku chache.

Dereva_Kasumbalesa

Usijenge safari juu ya karatasi ya mpakani. Hiyo ni ya watu wa jirani wanaoingia na kutoka, wewe unataka kushuka mpaka Livingstone na familia nzima. Nenda konsila ya Zambia hapa Lubumbashi, uliza wenyewe kinachotakiwa kwa Mkongomani mtu mzima na kwa mtoto, uandike.

Mama_Kamalondo

Basi chukua kalamu. Pasipoti tatu, foto za pasipoti, teksi za kwenda na kurudi ofisini (hutaenda mara moja, wewe unaijua nchi yako). Basi la watu wanne kwenda na kurudi. Kulala Lusaka mara mbili. Livingstone usiku mitatu. Kiingilio cha maporomoko. Uliza bei ya watu wa SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), Kongo ni mwanachama tangu 1997, usilipe ya mzungu. Chakula. Hapo 1,100 yote imekwenda na kamera hujanunua. Sikukatishi, nakuonyesha tu.

Foto_ya_Harusi

Mimi nitapingana na Lensi kidogo. Vitu vilivyotumika ni bahati nasibu. Mpya una faktire (risiti), una garanti, kikikufia unarudi dukani. Mwalimu hana fundi wa kamera pembeni.

Lensi_Kampemba

Garanti ya nani, ndugu? Muulize muuzaji kamera ikifa mwezi wa tatu anaipeleka wapi. Akijibu "sisi wenyewe tutaona", jua garanti hiyo inaishia mlangoni. Mimi duka moja mjini liliniandikia garanti ya mwaka kwenye karatasi isiyo na muhuri. Niliporudi na lensi iliyokwama, nikaambiwa aliyeandika hayupo tena kazini.

Iliyotumika unaweza kuipima mwenyewe. Mwalimu, nenda mchana, kwenye mwanga, usiende jioni. Peleka kadi yako na kompyuta ndogo ukiweza.

Piga foto moja, iweke kwenye kompyuta jinsi ilivyotoka kwenye kamera. Nikon huandika ndani ya faili shata (pazia la ndani linalofunguka kila unapopiga) imefunguka mara ngapi, programu za bure zinaisoma. Kamera za daraja hili watu huhesabu 100,000 kama umri wa shata. Ukikuta 20,000 au 30,000, starehe. Canon haiandiki namba hiyo kwenye foto, ndiyo sababu wauzaji wa Canon iliyotumika wanaongea kwa kujiamini sana.

Halafu toa lensi, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande mwingine. Vumbi dogo usilijali. Unachotafuta ni nyuzi nyeupe zilizotambaa kwenye kioo kutoka pembeni, huo ni ukungu. Kwetu mvua inashika mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, na mtu akifungia lensi kwenye kabati miezi hiyo yote ukungu unapanda. Ukiziona, toka. Hata akishusha bei nusu.

Piga mbingu na tundu limebanwa f/22: madoa meusi ni uchafu kwenye sensa, unasafishika, lakini unakupa sababu ya kupunguza bei. Funga lensi zote mbili, sikiliza zikitafuta umbali, zisikwaruze. Betri iingie na kutoka bila kulazimishwa, ikigoma imevimba. D3500 yenye betri nzima, kipimo cha kiwanda ni foto 1,550 kwa chaji moja. Canon 2000D ni 500. Kwa umeme wetu huu nadhani sihitaji kueleza.

Jambo la mwisho, ndani ya D3500 hamna mota ya kuisogeza lensi itafute umbali. Mtu akikuletea lensi ya Nikon ya zamani ya AF-D "bei ya kirafiki", utakuwa unazungusha kwa mkono.

Foto_ya_Harusi

Hapo kwa ukungu nakubali. Na kadi ya GB 128 ya paketi usiiamini hata ukipewa bure. Ijaze mpaka mwisho kwa video kutoka kompyuta, kisha fungua za mwisho. Ikiwa ya uongo, inakubali kupokea zote, lakini zilizopita ukubwa wake halisi hazifunguki. Mimi kwenye kazi natembea na kadi mbili za GB 32 badala ya moja kubwa. Bibi harusi hawezi kurudia kuingia kanisani.

Mtoto_wa_Likasi

Na mimi nitie neno. Kwa nini mtu wa ndege anakimbilia maporomoko? Mwalimu, Mosi-oa-Tunya iweke mwaka kesho, pasipoti zikiwa tayari bila haraka. Mwaka huu panda huku kwetu. Lubumbashi–Likasi ni kilomita 120 za lami. Mbele kuna ziwa Tshangalele, lile lililotokana na bwawa la Mwadingusha la 1930. Lile lote ni matete na ndege wa majini. Utaona korongo, bata, nyangenyange, na mkolajini anayesimama hewani akipigapiga mabawa kabla hajaanguka majini. Hapo 300 yako inafanya kazi, siyo Livingstone. Wavuvi wanakodisha mtumbwi asubuhi, patana kabla hujakanyaga ndani, na watoto wabaki ukingoni na mama yao.

Lakini bwawa lenyewe na mitambo ya umeme usielekeze kamera. Madaraja pia, na askari, na mpaka. Utapoteza nusu siku ukijieleza.

Kiubo pia ni pazuri, maporomoko ya Lufira, ila ni mbali, na njia ni ya vumbi. Lofoi ndani ya Kundelungu ni zaidi ya mita 300, watu wanaisifu, lakini mwezi wa nane maji yamekwisha kuwa uzi, na bila gari la kupanda milima hufiki. Hiyo ni ya mwezi wa tano, mvua ikikatika tu.

Kama unaweza, njoo mwezi wa saba mwanzoni, shule zikifunga. Wa nane watu wanachoma pori, moshi unafanya mbingu nyeupe na mbali kote panafifia. Baridi ya asubuhi itawauma, beba makoti.

MwalimuKatuba

Aksanti kwenu. Nimekwenda kwa binamu leo mchana, na kijana wangu akiwa fundi wa tochi. Shata 23,000 na kitu. Lensi ndogo safi. Ya 70-300 ina VR, nimeisoma mara mbili, ila kioo cha nyuma kina alama ya kidole iliyokauka na f/22 inaonyesha madoa manne. Betri inaingia vizuri. Chaja si ya Nikon.

Nimempa 320, amekataa, tumefika 340 na ameongeza mfuko. Noti moja ya dola 20 amenirudishia kwa sababu ya mchaniko mdogo pembeni, nikabaki naye pale tunabishana juu ya milimita mbili mpaka mama yake akatoka nyumbani kutuamulia. Nimebadilisha.

Mama wa nyumba amesema Likasi, mwezi wa saba, siku nne. Ana shangazi pale Panda, mtaa wa Likasi, tutalala kwake, kwa hiyo tunapeleka gunia la unga wa bukari badala ya kulipa hoteli. Dola 300 zimewekwa kando za pasipoti, tunaanza na za watoto. Binti amenuna, kijana anataka kujua mkolajini anakula samaki wa ukubwa gani.

Lensi_Kampemba

340 na VR umefanya vizuri. Chaja badilisha kabla ya safari, hiyo ndiyo inayoua betri. Foto za mkolajini: kasi 1/2000 ya sekunde kwenda juu, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) iache ipande yenyewe. Akisimama hewani ndipo unabofya, akishaanguka umechelewa.

Mama_Kamalondo

Na faktire je? Mwambie binamu akuandikie karatasi: jina, namba ya kamera, tarehe, sahihi zenu mbili. Mwaka kesho ukirudi Kasumbalesa na kamera shingoni, watu wa duane (forodha) watakuuliza umeinunua Zambia bei gani.

MwalimuKatuba

Narudi kwake kesho asubuhi, mama. Namba iko chini ya kamera, karibu na mlango wa betri?

Lensi_Kampemba

Ndiyo, chini. Ipige foto kwa simu kabisa.